Kabla Hujaitupa Miwani

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni wiki hii. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakubahatika kuyasikia.)



Wiki iliyopita sikuwapo mjini. Nilikuwa nyumbani Ushirombo, makao makuu ya wilaya ya Bukombe. Wengi wenu mji huo mmeupita usiku, mmelala ndani ya basi la kwenda Bukoba au Ngara. Wa umri wangu wanaukumbuka ukiwa mkoa wa Shinyanga. Tangu mwaka 2012 uko mkoa wa Geita. Nilikwenda kwa shughuli za ukoo, lakini siku ya Alhamisi nikasikia kwamba wataalamu wa macho wa huduma ya mkoba wamefika. Nikaacha shughuli za ukoo, nikaenda kupanga foleni.

Nilikwenda kwa ajili yangu mwenyewe. Nimevaa miwani tangu kidato cha pili, mwalimu wa hesabu alipogundua kwamba nanakili kutoka daftari la jirani kwa sababu ubaoni sioni kitu. Sasa nina miaka 46, na kwa miaka miwili nilikuwa nikidunduliza fedha ili niende nikafanyiwe ile operesheni ya leza, niitupe miwani, nionekane kijana. Nilitaka tu daktari anihakikishie kwamba nafaa, kisha nipande basi.

Kwenye benchi tulikaa watatu. Kulia kwangu alikaa kijana dereva wa lori, mwenye miwani minene kuliko yangu. Kushoto alikaa mzee mmoja kutoka upande wa Masumbwe, ameshikwa mkono na mwanawe ambaye ni mchimbaji mdogo. Kama ilivyo kawaida ya benchi la hospitali, haikupita nusu saa tukawa tumeshaelezana shida zetu. Ajabu ni kwamba wote watatu tulikuwa tumekuja na neno moja mdomoni. Dereva anataka leza. Mzee ameahidiwa leza na wanawe. Na mimi mtangazaji, mwenye stashahada yangu ya uandishi wa habari, nataka leza.

Tulitoka pale na majibu matatu tofauti, na hakuna hata mmoja aliyepata jibu alilokuja nalo kichwani. Ndiyo sababu leo nimeona nizungumze nanyi juu ya jambo hili. Miji yetu imejaa matangazo ya kuondoa miwani, simu zetu zimejaa picha za watu wanaocheka baada ya kufanyiwa, na watu wanauza viwanja. Yule dereva alikuwa ameshapata mnunuzi wa kiwanja chake cha Katente.

Kwanza tuelewane leza yenyewe ni kitu gani. Ni mwanga uliokusanywa na kupewa nguvu katika mstari mmoja. Ile inayotumika kurekebisha macho ilianza kazi mbali kabisa na hospitali, katika maabara ya kampuni ya kompyuta ya IBM huko Marekani. Mwezi Novemba mwaka 1981, siku moja baada ya sikukuu yao ya Shukrani, mtaalamu wa kemia mzaliwa wa India, Rangaswamy Srinivasan, alipeleka kazini mabaki ya nyama ya batamzinga wa sikukuu, akayapiga kwa leza hiyo. Yeye na wenzake wakaona kwamba inachonga nyama kwa usafi wa ajabu bila kuunguza pembeni. Mwaka 1983 daktari wa macho Stephen Trokel akaonyesha kwamba inaweza kuchonga kioo cha jicho. Mwaka 1989 huko Ugiriki daktari Ioannis Pallikaris akaitumia kwa binadamu kwa namna ambayo leo inaitwa LASIK: unakatwa ute mwembamba wa juu kama kifuniko, kifuniko kinafunuliwa, leza inachonga chini yake, kisha kifuniko kinarudishwa.

Ninaposema kioo cha jicho nina maana ya ile sehemu ang'avu ya mbele kabisa, ambayo vumbi likiingia ndiyo inayokuwasha. Unene wake katikati ni kiasi cha nusu milimita tu. Hiyo ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kukunja mwanga ili picha iangukie kwenye pazia la nyuma ya jicho. Kwa mtu kama mimi, asiyeona mbali, picha inaangukia mbele ya pazia, kwa sababu aghalabu jicho lenyewe ni refu kupita kiasi. Miwani inaisogeza picha hiyo nyuma. Leza inafanya kazi ileile kwa kukipunguza kioo chenyewe, ili kiwe bapa zaidi.

Hayo tu, ndugu wasikilizaji. Leza hiyo inabadilisha umbo la kioo cha mbele. Haigusi lenzi iliyo ndani ya jicho, haigusi pazia la nyuma, wala mshipa unaopeleka habari kwenye ubongo. Hata urefu wa jicho unabaki uleule, kwa hiyo mtu aliyekuwa na jicho refu sana bado anatakiwa kupimwa pazia lake la nyuma, hata kama ameshaitupa miwani. Ukilishika hilo moja, utaelewa kwa nini sisi watatu tulijibiwa tofauti.

Nianze na dereva. Ana miaka 23, anaendesha usiku kutoka Isaka kupitia Kahama, Ushirombo na Nyakanazi hadi mpakani Rusumo. Miwani inamkera. Jasho linaitelezesha, vumbi linaichafua, na siku moja ilivunjika njiani akalala Lusahunga siku mbili akisubiri nyingine. Aliniambia, "Kaka, nikifanyiwa ile kitu nitaona usiku kama paka."

Mtaalamu alipompima alimuuliza miwani yake ya mwaka jana ilikuwa ya namba gani. Dereva akatoa karatasi kwenye pochi. Namba zilikuwa zimepanda. Akamuuliza kama macho humuwasha. Akasema humuwasha tangu utotoni, na alipokuwa akijibu alikuwa akiyafikicha kwa ngumi. Daktari akamshika mkono, akamwambia, "Hicho unachofanya sasa hivi ndicho kinachonitia wasiwasi."

Kisha akatueleza. Macho ambayo namba zake bado zinapanda hayachongwi, kwa sababu utayachonga leo na kesho yataendelea na safari yake. Aidha, watu wenye mzio wa macho wanaofikicha kwa miaka mingi, baadhi yao kioo cha jicho hudhoofika na kuchongoka mbele kama pia. Jicho la namna hiyo ukilipunguza kwa leza unalidhoofisha zaidi, na mtu anaweza kuishia kuona vibaya kuliko alivyokuja. Hali hiyo haionekani kwa kumtazama mtu usoni, inahitaji mashine inayopiga picha ya umbo la kioo. Dereva akaandikiwa matone ya mzio, miwani mpya, na rufaa ya kwenda kupigwa picha hiyo. Kuhusu leza akaambiwa, "Sikukatazi maisha yako yote. Nakukataza kuuza kiwanja."

Dereva alikasirika. Alipotoka nje alisema daktari amemkatisha tamaa, na kwamba yuko mtu mjini aliyemwambia kwa simu kwamba anafaa bila hata kumwona. Nikamwambia, mdogo wangu, fundi anayekwambia injini yako ni nzima kabla hajafungua boneti, wewe ungempa lori lako? Akanyamaza. Sijui kama alikubali au alichoka kubishana nami.

Na hilo la kuona usiku kama paka, hata kwa macho yanayofaa, si ahadi ya kweli. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilifanya utafiti wa kuwauliza wagonjwa wenyewe, kabla na baada ya operesheni, matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Habari njema ni kwamba zaidi ya asilimia 95 waliridhika na uoni wao. Lakini miongoni mwa wale ambao kabla hawakuwa na dosari kama kuona duara za mwanga kuzunguka taa, mng'ao mkali au picha mbilimbili, hadi asilimia 46 walikuwa wamepata angalau moja baada ya miezi mitatu. Na miongoni mwa wale ambao macho yao hayakuwa makavu, hadi asilimia 30 walilalamika ukavu baada ya miezi hiyo. Wachache sana, chini ya asilimia moja, walisema dosari hizo zinawazuia sana kufanya shughuli zao za kawaida.

Mtu anaweza kuuliza, inakuwaje mtu apate dosari na bado aridhike? Kwa wengi dosari ni ndogo, na kwa baadhi hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Karani wa benki anayelala saa tatu usiku, duara kuzunguka taa ya barabarani haimsumbui. Lakini dereva anayekutana na malori arobaini yenye taa kubwa kati ya Runzewe na Nyakanazi ni mtu mwingine. Bango la herufi linasomwa ndani ya chumba chenye mwanga mzuri, na mtu anaweza kulisoma mpaka mstari wa chini, akaandikiwa sita juu ya sita, na bado barabara ya usiku ikamshinda. Kwa hiyo unapoambiwa watu 95 katika 100 wameridhika, jiulize kama kazi yako ni kama ya hao walioulizwa.

Sasa nije kwa mzee. Huyu ndiye aliyenifanya niandike mazungumzo haya.

Jicho lake la kulia halioni kabisa. La kushoto linaona kama mtu anayechungulia kupitia bomba: anamwona aliye mbele, lakini hawaoni walio pembeni. Wanawe wanachimba dhahabu. Msimu huu duara lao lilitoa kidogo, wakakubaliana kwamba fungu la kwanza ni la macho ya baba. Wamesikia kwamba leza inarudisha macho. Na walikuwa na sababu ya kuamini, maana jirani yao bibi mmoja, kipofu kwa miaka mitatu, alipelekwa hospitali, akafanyiwa operesheni, na siku ya pili akawa anawataja wajukuu kwa majina.

Bibi yule alikuwa na mtoto wa jicho. Hapo ndipo wengi tunapochanganya mambo. Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani iliyoingia ukungu. Daktari anaitoa, anaweka lenzi ya bandia, na kama nyuma ya jicho ni kuzima, mwanga unaingia tena. Ni operesheni inayostahili sifa zake zote, na wala haihitaji leza ya kuchonga kioo. Ila hata hapo wengi huhitaji miwani ya kusomea baada yake, na huwa wananung'unika kwa sababu hawakuambiwa. Mzee wetu hakuwa na mtoto wa jicho. Alikuwa na glakoma, ambayo wengi huiita presha ya jicho. Kwake kilichoharibika ni mshipa wa nyuma, ule unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa huo ukifa haufufuki, na hakuna leza, matone wala mganga anayeweza kuufufua.

Daktari alimwambia mzee kwa upole lakini bila kuzungukazunguka. Alimwambia, "Mzee wangu, jicho la kulia sitakurudishia. La kushoto nitajaribu kulilinda, lakini halitaona zaidi ya linavyoona leo."

Mwanawe akasimama. Akauliza, kwa sauti ambayo benchi lote tulisikia: "Sasa kama halirudi, tunalipia nini?"

Nawaomba mlitafakari swali hilo. Kijana yule hakuwa bahili, kwa kuwa fedha alikuwa nazo mfukoni, na zilikuwa za baba yake. Lakini kwa kuwa alikuwa ameahidiwa macho mapya, kuyalinda macho yaliyobaki kulionekana kwake kama kudanganywa. Alikuwa tayari kumrudisha baba nyumbani siku ileile. Na kama angemrudisha, baba angekuwa kipofu kamili kwa ugonjwa ambao unaweza kucheleweshwa.

Maana hapa leza ipo, tena nchini kwetu. Ni leza ya aina nyingine, yenye kazi nyingine. Inapigwa kwenye kona ya jicho ambako maji ya ndani hutokea, ili yatoke vizuri na presha ishuke. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, ulifanyika utafiti kwa wagonjwa wa glakoma wenye presha kubwa ya jicho, ukachapishwa mwaka 2021. Baadhi walipewa matone ya timolol, dawa ambayo ni ya kuweka kila siku maisha yote, na wengine walipigwa leza. Baada ya mwaka mmoja, presha ilikuwa imefikia lengo katika macho 31 kwa kila 100 ya waliopewa matone, na katika macho 61 kwa kila 100 ya waliopigwa leza. Kwa nchi ambayo mgonjwa anaishi mbali na duka la dawa, na matone yakiisha anakaa bila dawa hadi mavuno, hiyo ni habari kubwa.

Lakini isomeni habari hiyo yote. Macho 39 katika 100 hayakufikia lengo hata kwa leza, yakahitaji hatua nyingine. Na yale 61 yaliyofanikiwa, mafanikio yake hayakuwa kuona vizuri zaidi. Mafanikio yalikuwa presha kushuka, ili kilichobaki kibaki. Mgonjwa anayefanyiwa vizuri kabisa anaamka kesho yake akiona vilevile kama jana, na hapo anatakiwa amshukuru Mungu na arudi kupimwa. Asipoelezwa hivyo mapema atasema ametapeliwa, hatarudi, na atawaambia wenzake wasiende.

Pale kwenye benchi daktari alieleza mara mbili, kijana hakuelewa. Aliyemwelewesha ni mzee mwenyewe. Alikuwa amekaa kimya, mikono juu ya fimbo. Akamwambia mwanawe: "Duara likianguka upande mmoja, mnaweka magogo upande gani?" Kijana akajibu, "Uliobaki, baba." Mzee akasema, "Basi lipa."

Akaandikiwa rufaa. Nilipoondoka Ushirombo walikuwa wanapanga safari.

Imebaki habari yangu mimi. Nilipoingia chumbani, nilikuwa nimeshaanza kuwa na wasiwasi kutokana na yaliyowapata wenzangu. Daktari akanipima, akaniambia namba zangu hazijabadilika kwa miaka mingi, kioo changu kinaonekana kizuri, na huenda nikafaa. Moyo ukaruka. Kisha akaniuliza kazi yangu ni nini. Nikamwambia nasoma mbele ya maikrofoni. Akanipa kijitabu chenye maandishi madogo, akasema, "Soma." Nikafanya kama nifanyavyo studioni siku zote: nikavua miwani, nikasoma.

Akasema, "Hicho ndicho nitakachokunyang'anya."

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba kuanzia miaka kama 40, lenzi ya ndani ya jicho huanza kuwa ngumu, na hali hiyo humpata kila binadamu. Ndiyo maana wenzangu wa umri huu wenye macho mazima ya mbali sasa wanasogeza gazeti mpaka mkono unaisha. Mimi sisogezi, kwa sababu jicho langu lisiloona mbali limewekwa tayari kwa karibu. Nikivua miwani, kitabu nakiona. Leza ikilirekebisha jicho hilo lione mbali, nitajiunga na wenzangu wa kusogeza gazeti. Nitaitupa miwani ya njiani, kisha nitanunua miwani ya kusomea. Na mimi nasoma ili nile.

Yako maafikiano, alisema. Jicho moja linaweza kurekebishwa kwa mbali, la pili likaachwa kwa karibu, na ubongo wa watu wengi ukazoea. Wengine hauzoei, nao hupoteza kidogo ule uwezo wa kupima umbali. Kwa hiyo kabla ya kuchongwa mtu hujaribishwa kwanza hali hiyo kwa lenzi za kuvaa juu ya jicho, kwa siku kadhaa, aone kama atashuka ngazi bila kujikwaa. Hilo sikuwahi kulisoma katika tangazo lolote la kuondoa miwani.

Wasikilizaji wapenzi, nisije nikaeleweka vibaya. Sikuja hapa kuipiga vita leza. Binti wa dada yangu alifanyiwa Nairobi akiwa na miaka 27. Namba zake zilikuwa zimetulia, alipimwa siku mbili tofauti, akaulizwa maswali mpaka akachoka. Miezi ya kwanza aliona taa zikiwa na mavazi, na mpaka leo huweka matone ya kulainisha macho jioni. Ukimuuliza kama angerudia, anasema hata kesho. Huyo alikwenda akijua atapata nini na atapoteza nini, naye akapata karibu kile alichokitarajia. Na hata yeye aliambiwa kwamba akifika miaka arobaini na kitu atanunua miwani ya kusomea kama watu wengine wote.

Basi kwa yeyote mwenye nia, awe mjini au awe kwetu kwenye machimbo, nawaachieni maswali ya kumuuliza daktari kabla ya kutoa shilingi.

La kwanza: tatizo langu linaitwaje? Usiulize leza bei gani kabla hujajua jina la ugonjwa. Kutoona mbali, mtoto wa jicho na glakoma ni mambo matatu, na dawa zake ni tatu.

La pili: utanirudishia nini, na nini hutanirudishia? Daktari anayejibu nusu ya kwanza tu ya swali hili, mwombe ajibu na ya pili. Akikosa subira, ondoka.

La tatu: nitavaa tena miwani lini, na ya kazi gani? Jibu la "kamwe" ni jibu la mfanyabiashara.

La nne: kazi yangu ni hii, je, operesheni hii inaifaa? Mchimbaji anayefanya kazi kwenye karasha, ndani ya vumbi la mawe, au bondia, au askari, anaweza kupigwa jichoni, na kile kifuniko cha LASIK kinaweza kusogea hata baada ya muda mrefu. Kwa hao ipo namna nyingine ya kuchonga bila kukata kifuniko, ambayo kupona kwake huchukua siku nyingi zaidi na maumivu ni zaidi, lakini haiachi kifuniko. Daktari hatajua hilo usipomweleza kazi yako. Dereva naye aseme kwamba anaendesha usiku.

La tano: nani atanitazama nikirudi nyumbani? Baada ya operesheni kuna matone ya wiki kadhaa, kuna kupimwa tena na tena, kuna kutofikicha jicho. Nauli ya kurudi kwa vipimo ihesabiwe ndani ya gharama. Ukiwa Ushirombo na jicho likakuuma usiku wa tatu, ujue mapema utampigia nani.

Na neno moja juu ya miwani yenyewe, ambayo tumeizoea mpaka tunaidharau. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti kutoka vijiji vya Bangladesh, uliohusisha watu wa miaka 35 hadi 65. Waliopewa miwani ya bure ya kuonea karibu, katika muda wa miezi minane kipato chao kiliwazidi wenzao wasiopewa kwa kiasi cha theluthi moja. Fundi cherehani aliyeacha kushona kwa sababu hawezi kutunga uzi, au mama anayechambua mchele na kuacha mawe ndani, hana haja ya kuuza kiwanja. Anahitaji kupimwa, na miwani ya bei nafuu.

Fedha zangu bado ziko benki. Nimebaki na miwani yangu, na leo pia nimeivua ili niwasomee karatasi hizi. Kijana dereva ananipigia simu. Amevaa miwani mpya, mwasho umepungua, na anasubiri siku yake ya kupigwa picha ya jicho. Bado anataka leza. Lakini kiwanja cha Katente hakijauzwa, na juzi aliniuliza jambo ambalo hakuniuliza kwenye benchi. Aliniuliza, "Kaka, hivi nikifanyiwa, zile taa za malori yanayokuja zitakuwaje?"

Nikamwambia hilo ndilo swali la kumpelekea daktari.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tutakutana tena wiki ijayo, wakati kama huu. Kwaherini.